Besi Inakatwa Wapi? Kuzisikiliza Amplifaya za Valvu Zenye Geini Kubwa

Wapiga gitaa wenzangu, mafundi wa mitambo ya sauti, wazee wangu wa muziki wa dansi, na vijana wa metali mliojaza viti vya nyuma: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nilinganishe amplifaya kubwa za mkwaruzo, ile sauti nzito na chakavu ya gitaa la umeme katika roki na metali. Swali ninalokutana nalo kila mahali ni moja: ipi ina geini, yaani nguvu ya kukuza ishara ya gitaa, kubwa kuliko zote? Acheni nilijibu swali hilo haraka tuendelee. Zote zinayo ya kutosha, na nyingi zinayo ya kupindukia. Katika hizi nitakazozitaja leo sijapata kusikia hata moja ambayo muziki wake unapendeza zaidi nobu ya geini ikiwa imefika mwisho. Kinachozitofautisha ni mahali. Besi inapunguzwa wapi, kabla ya mkwaruzo au baada yake? Nobu za toni zimekaa sehemu gani ya njia? Na kule mwisho, valvu za nguvu, zile kubwa zinazoisukuma spika, zinaishikilia kwa kiasi gani? Mtu akiyajua hayo matatu, anaweza kusikiliza rekodi ya mtu asiyemjua na kukisia amplifaya iliyotumika, tena mara nyingi akapatia.

Tuingie ndani ya valvu kwanza, ile chupa ya kioo inayokuza ishara ya umeme. Valvu ndogo inayopatikana karibu katika amplifaya zote za gitaa ni ile Wamarekani wanayoiita 12AX7 na Waingereza wanayoiita ECC83. Ni kitu kimoja. Ndani ya chupa moja mna valvu mbili, kila moja ina kipimo cha ukuzaji cha 100 katika karatasi za kiwandani, ingawa ikishafungwa kwenye saketi hutoa kama 50 au 60. Ishara ya gitaa ikiingia ikiwa ndogo, hutoka kubwa na umbo lake lile lile. Ukiizidisha, valvu inafika ukomo na vilele vya wimbi vinakatwa. Wimbi lililokatwa vilele huzaa hamoniki, sauti za juu zinazoandamana na nota, ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa nguvu hiyo, na huo ndio mkwaruzo. Tena, kwa kuwa kilele hakiwezi kupanda zaidi, nota dhaifu na nota kali hukaribiana kimo. Ndiyo maana solo yenye mkwaruzo hudumu muda mrefu kabla ya kuzimika.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata. Ukipiga nyuzi mbili pamoja ndani ya mkwaruzo, zinazaliwa sauti ambazo hukuzipiga: jumla ya masafa yao na tofauti ya masafa yao. Uzi wa sita ukiwa wazi, E, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Ongeza B iliyo juu yake, mara 123. Tofauti ni 41, na 41 ni E ile ile, oktava moja chini. Amplifaya imekupa besi ambayo gitaa halina. Kordi ya nota mbili, ya kwanza na ya tano, imekuwa nguzo ya roki nzito kwa sababu hiyo. Ukiweka G shapu ili upate kordi meja, mambo yanaharibika. Tofauti yake na E ingepaswa kuwa 20.6 ili iangukie E ya oktava mbili chini, lakini gitaa limegawanywa kwa mfumo wa vipande sawa vya oktava, kwa hiyo inatoka 21.4. Inakosa shabaha kidogo tu, na kidogo hicho kinagongana na kila hamoniki iliyo karibu. Sauti inakuwa tope. Kadiri nota zilivyo chini, ndivyo tope linavyozidi.

Mtengenezaji yeyote wa amplifaya ya mkwaruzo ana adui mmoja basi: besi inayoingia kwenye mkwaruzo. Akiiacha yote, kordi zinafutika. Akiikata yote, gitaa linakuwa jembamba na kali kama nzi. Historia ya amplifaya hizi ni historia ya majibu ya swali hilo.

Masikio yetu sisi yamelelewa na gitaa safi. Katika rumba ya Kongo na katika benga ya Kenya, solo na rithimu na besi zinasukana, na kila nota ina nafasi yake isiyoingiliwa. Wapo wanaodhani sikio la namna hiyo halifai kuhukumu metali. Mimi nashikilia kinyume chake kwa nguvu zote. Kipimo changu cha amplifaya yenye geini kubwa ni kile kile ambacho mzee wa rumba angekitumia: je, ndani ya moto huu bado ninasikia nyuzi moja moja?

Tuanze na Marshall, kwani wengine wote wanamjibu yeye. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, alikuwa na duka la ala za muziki Hanwell, magharibi mwa London. Fundi wake Ken Bran na kijana Dudley Craven walichukua saketi ya Fender Bassman, amplifaya ya Marekani iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi, wakaijenga kwa vifaa vilivyopatikana Uingereza. Katika nafasi ya kwanza Fender aliweka valvu ya 12AY7, yenye ukuzaji wa karibu 40. Wao wakaweka ECC83 ya 100. Wakatumia spika za Celestion. Baadaye, katikati ya miaka ya 1960, valvu za nguvu zikawa EL34. Mabadiliko madogo kwa macho, lakini amplifaya ikaanza kukwaruza mapema na kwa rangi nyingine kabisa. Tatizo lilibaki kwamba ili uupate mkwaruzo huo mnono ulilazimika kufungua sauti hadi majirani wahame.

Jibu lilikuja mwaka 1975 na modeli ya 2203, yenye nobu mbili badala ya moja: ya kwanza inaamua mkwaruzo, ya mwisho inaamua ukubwa wa sauti. Mwaka 1981 ikavishwa sura mpya na kuitwa JCM800. Herufi hizo ni za jina lake, James Charles Marshall, na 800 ilitoka kwenye namba ya gari lake. Wati 100, na ndani ya sehemu ya mwanzo ECC83 tatu tu.

Saketi hii naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Hatua ya kwanza tayari inapendelea sauti za kati na za juu, kwa hiyo besi imeshapunguzwa kabla haijafika popote. Hatua ya pili imeshikwa kwa rezista kubwa, ya omu 10,000, inayoiweka valvu karibu na kuzimika, ili upande mmoja wa wimbi ukatwe mapema kuliko wa pili. Nobu za besi, kati na trebo zinakuja mwishoni, mkwaruzo ukiwa umeshaundwa. Matokeo yake ni sauti kavu, yenye kifua cha kati, inayobweka. Kwa vipimo vya leo geini yake ni ya wastani, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kwa sababu mkono unasikika. Piga polepole, inatulia. Punguza sauti kwenye gitaa lenyewe, inakuwa karibu safi. Ukikosea, kila mtu amesikia.

California walikuwa wakifuata njia nyingine. Randall Smith alichukua Fender Princeton, amplifaya ndogo kabisa, akaijaza saketi yenye nguvu na spika ya inchi 12. Inasimuliwa kwamba jina la Boogie lilitokana na maneno ya mpiga gitaa Carlos Santana alipoijaribu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Smith akaongeza hatua ya ukuzaji mbele ya zile zilizokuwepo, na kati ya hatua na hatua akaweka nobu za kudhibiti. Hapo ndipo wazo la kupanga hatua moja juu ya nyingine kwa ajili ya mkwaruzo lilipoingia sokoni, miaka kadhaa kabla ya 2203.

Jambo la kuzingatia katika ukoo huu wa Mesa, kampuni ya Smith, unaoitwa Mark, ni kwamba nobu za toni ziko mwanzoni, mara baada ya hatua ya kwanza, kama Fender alivyokuwa akiziweka. Nobu ya besi iliyo kabla ya mkwaruzo ni chumvi ya chunguni. Iliyo baada yake ni chumvi ya mezani. Ukiifungua besi kwenye Mark, huongezi uzito wa sauti inayotoka, unapeleka besi zaidi kwenye hatua zinazokata vilele, na unapata tope. Wanaoijua huiweka besi kwenye 1, wengine kwenye sifuri kabisa. Besi inayopotea hapo inarudishwa mwishoni na zile swichi tano za kuteleza zilizo mbele ya amplifaya: hezi (mitetemo kwa sekunde) 80, 240, 750, 2,200 na 6,600. Inua 80, shusha 750, inua 6,600: inatokea ile herufi V ambayo kila mpiga metali anaijua. Besi kubwa inayosikika hapo haikupitia kwenye mkwaruzo, imeongezwa juu ya sauti ambayo tayari ni safi na imebana. Mark IIC+ ya katikati ya miaka ya 1980 ndiyo iliyokamilisha jambo hili, na bendi ya Metallica walipoitumia kurekodi, kizazi kizima kikabadilisha wazo lake kuhusu rithimu ya gitaa. Ukizibia nyuzi kwa kiganja na kupiga haraka, kila pigo linasimama peke yake.

Nimesikia vijana wengi wakilalamika kwamba Mark katika programu ya kompyuta ina tope. Nikiangalia mpangilio wao, besi iko kwenye 6. Nobu hiyo imekaa mahali pake pa asili, hata kwenye programu.

Mwaka 1987, Mmarekani Mike Soldano akatoa SLO-100. Chaneli yake ya mkwaruzo ina hatua nne za ukuzaji, na mojawapo imeshikwa kwa rezista ya omu 39,000, karibu mara nne ya ile ya Marshall, hivyo ukataji wa upande mmoja ni mkali zaidi. Nobu za toni ziko mwishoni, kama Marshall. Valvu za nguvu ni za familia ya 6L6, za Kimarekani. Geini ni nyingi mno, lakini haichomi, kwa sababu wimbi linakatwa hatua kwa hatua na kusafishwa katikati. Kwa solo sijui mashine iliyo bora kuliko hii. Nota inavimba baada ya kupigwa, ina mwili wa kutosha hata kwenye uzi wa kwanza, na ukiivuta haikatiki. Eric Clapton aliinunua, na Mark Knopfler pia, na wote wawili hawana uhusiano wowote na metali. Hilo peke yake liwatulize wanaodhani geini kubwa ni mali ya aina moja ya muziki.

Kutoka kwa SLO walizaliwa ndugu wawili, wote wakifika madukani mwanzoni mwa miaka ya 1990: Mesa Dual Rectifier, na Peavey 5150 ya mwaka 1992, iliyoundwa na James Brown wa Peavey kule Mississippi pamoja na mpiga gitaa Eddie Van Halen. Mwenye kusoma michoro ya saketi ataona undugu huo bila kuambiwa. Hatua za mwanzo zinafanana sana na za Soldano, na toni iko mwishoni. Mbona basi zinasikika tofauti namna ile?

Twendeni nyuma, kwenye valvu za nguvu. Katika amplifaya nyingi, sehemu ndogo ya sauti inayotoka kwenye transfoma ya spika hurudishwa kinyumenyume kwenye hatua ya kabla ya valvu za nguvu. Kazi yake ni kuishikilia spika, isiyumbe kwa hiari yake. Katika Dual Rectifier, ukichagua mtindo wa Modern kwenye chaneli ya mkwaruzo, mrejesho huo unakatwa kabisa. Spika inaachiwa. Besi inafura karibu na masafa ambayo spika yenyewe inapenda kutetemeka, trebo inapanda, na sauti inakuwa pana kuliko chumba. Bendi za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilizoshusha nyuzi zao chini zilijengwa juu ya sauti hiyo. Kwa kordi nzito za polepole inatisha. Kwa mapigo ya haraka inachelewa, kwa sababu besi nyingi imeruhusiwa kuingia kwenye mkwaruzo na hakuna anayeishika mwishoni.

Wapiga gitaa walitafuta dawa wenyewe: pedali ya Ibanez Tube Screamer mbele ya amplifaya, mkwaruzo wake ukiwa sifuri na sauti yake ikiwa juu. Pedali hiyo huanza kupunguza kila kilicho chini ya hezi 720 kabla ya kukuza. Besi imekatwa nje ya amplifaya, kwa mguu! Rectifier iliyofungiwa pedali hiyo ni mnyama mwingine kabisa, na sehemu kubwa ya metali ya kisasa imerekodiwa kwa mbinu hiyo, kwenye Rectifier na kwenye 5150 pia.

Jina la Rectifier linatokana na swichi ya nyuma inayochagua jinsi umeme wa ndani unavyonyooshwa, kwa dayodi au kwa valvu ya 5U4. Ya valvu hulegea kidogo amplifaya inapofanya kazi nzito. Watu hubishana sana juu ya swichi hii. Kwa sauti ya chumbani, ambapo valvu za nguvu hazijachoka, mabishano hayo hayana maana.

5150 imebakiza mrejesho, na ikaweka nobu mbili za kuuchezea: presensi kwa ajili ya juu, rezonansi kwa ajili ya chini. Besi ya rezonansi inaongezwa mwishoni kabisa, mbali na mkwaruzo, kwa hiyo uzito unapatikana bila kuzifuta nyuzi. Valvu zake nne za 6L6 zimewekewa bayasi (umeme unaopita zikiwa zimetulia) ya chini isiyorekebishika, na hilo linaipa chembechembe fulani, ukali wa msumeno ambao wengine hawaupendi. Mimi naupenda, kwa rithimu hasa. Eddie alipoachana na kampuni mwaka 2004, amplifaya ile ile ikapewa jina la 6505, kwa kuadhimisha miaka 40 ya Peavey, 1965 hadi 2005. Mkikuta majina hayo mawili, msilipie zaidi jina la kwanza mkidhani mnanunua sauti tofauti.

Wajerumani, Diezel na ENGL, nawapita kwa haraka leo. Kazi yao ni safi na wamebana besi kwa nidhamu kubwa, lakini wamekuja kulijibu swali ambalo lilikuwa limeshaulizwa.

Nimeulizwa kuhusu EL34 na 6L6. Tofauti ipo: EL34 husukuma sauti za kati na hulegea mapema, 6L6 ina besi pana na hukaa safi muda mrefu zaidi. Ila kabla hujatumia fedha kubadilisha valvu, badilisha spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 huporomoka ghafla ikipita hezi 5,000 hivi, na bila mporomoko huo mkwaruzo wote ungekuwa mlio wa nyuki. Celestion Greenback ya wati 25 hulainisha. Vintage 30 ya wati 60 husukuma mbele sauti za kati za juu, na kwa hiyo gitaa linapenya kwenye ngoma. Zikichomekwa kwenye boksi moja la spika, 5150 na Rectifier zinaweza kukaribiana kuliko 5150 mbili zenye maboksi tofauti.

Na wati msiziogope wala msizitamani. Wati 100 ikilinganishwa na 50 ni ongezeko la desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, nguvu inahitaji kuwa mara kumi hivi.

Kwa mafundi, maneno machache na ninayasema kwa uzito. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani kwa volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 itaungua. Inahitaji transfoma ya kushusha, na wati 100 zilizoandikwa ni zile zinazotoka kwenye spika. Zinazoingia ukutani ni mara kadhaa ya hizo, kwa hiyo transfoma ya wati 100 haitoshi. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika yenye omu sahihi, kwani transfoma ya kutolea sauti ndiyo itakayolipa. Ndani mna volti 400 hadi 500, na kapasita, vile vihifadhi umeme, hubaki nazo hata plagi ikiwa imetolewa. Zipime kwa mita, zipunguze umeme kwa rezista, kisha uzipime tena. Mtu hufa kwa umeme huo.

Wengi wenu hamtaziona mashine hizi kwa macho hivi karibuni, lakini mnazo kwenye kompyuta, na programu nzuri zimeiga saketi zenyewe, nobu zikiwa mahali pake. Leo usiku fanyeni jaribio hili. Chukua boksi moja la spika na usilibadilishe. Weka geini nusu, chini ya pale unapopenda. Piga kordi ya E ya nota mbili, halafu kordi kamili yenye nyuzi zote sita, huku ukizungusha nobu ya besi taratibu kutoka sifuri hadi mwisho. Kwenye amplifaya moja kordi itaongezeka uzito na nyuzi zitabaki zinasikika. Kwenye nyingine zitaanza kuyeyukiana kabla hujafika nusu. Anzeni na SLO na Mark, kwa sababu katika jambo hili ndizo zilizo mbali zaidi. Kisha njooni kwenye Rectifier, zimeni na kuwasha Tube Screamer mbele yake, na msikilize uzi wa sita peke yake.

Karibuni kwa maswali.